Lori Lilipita Bila Bunduki

Koplo Ekiru alisimamisha lori hatua thelathini kutoka kwa wale wanawake. Hakuna aliyemwambia asimame. Mguu wake tu ulikataa kuachia breki.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya tatu ya maandamano. Vijana wa Isiolo walikuwa wameanza kwa nyimbo na bendera. Siku ya pili mabomu ya machozi yakaangukia soko la maziwa, na mtoto mchanga akakimbizwa hospitali akiwa hapumui vizuri. Leo wanawake wanaouza maziwa ya ngamia walikuwa wameketi katikati ya njia ya kwenda Burat, kama hamsini hivi, mitungi yao ya plastiki mbele yao. Hawakuimba. Hawakupiga kelele. Waliketi tu na kulitazama lori.

Nyuma ya lori kulikuwa na askari kumi na wanane wenye bunduki. Kando ya Ekiru aliketi Inspekta Kirigia, ameshika redio kwa mikono miwili.

"Afande, wameingia geti," redio ikasema. Ilikuwa sauti ya Mawira, kutoka kituo kidogo cha polisi cha Burat. "Wanarusha petroli. Tuko wanne tu, na mlango umeanza kushika moto. Afande, njooni!"

Ekiru alimjua Mawira kuliko alivyowajua ndugu zake wa damu. Kwa miaka sita walikuwa wakiishi nyumba moja ya polisi iliyogawanywa kwa pazia, familia moja huku, nyingine kule. Mke wa Mawira, Janice, aliposhikwa na uchungu, Ekiru ndiye aliyeendesha gari hadi Meru. Siku hizi mtoto huyo alimwita baba mkubwa.

"Songa," Kirigia akasema.

"Afande, kuna watu."

"Nimewaona. Songa polepole, watatoka wenyewe."

"Hawatatoka."

"Umejuaje?"

Alijua kwa sababu aliyeketi katikati alikuwa Mulki. Mwaka ule watu wa Isiolo walipochomeana nyumba, Waturkana huku na Waborana kule, mama yake Ekiru, Mturkana, na watoto wake wanne walijificha siku sita nyumbani kwa Mulki, mtaa wa Bulla Pesa. Vijana wenye mapanga walipobisha, Mulki aliketi mlangoni vilevile alivyoketi sasa, akawaambia waanze na yeye. Ekiru alikuwa na miaka tisa. Aliyaona yote kutoka chini ya kitanda.

"Koplo, hao wanne ni watu wangu," Kirigia akasema. "Wakiungua, nitawaambia nini wazazi wao? Songa!"

Ekiru alizima injini, akachomoa ufunguo, akashuka.

Askari mmoja nyuma akamfokea. "We Koplo! Uko upande gani?"

Hakugeuka. Alitembea hadi kwa Mulki, akavua kofia, akachuchumaa mbele yake.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam, Ekiru. Umekuja kutukanyaga?"

"Mama, kule kuna watu wanne ndani ya nyumba inayoungua."

"Na nje ya hiyo nyumba kuna mmoja ameshakufa." Mulki alimwonyesha simu yake, kana kwamba uso wa marehemu ulikuwa humo. "Dadacha. Yule kinyozi wa stendi. Amepigwa risasi ya mgongo. Mgongo, Ekiru. Amelala juani mpaka saa hii, hakuna gari la kumbeba."

Dadacha ndiye aliyemnyoa Ekiru Ijumaa iliyopita, akimcheka kwa mvi zake. Na Mawira hakuwa ametaja maiti yoyote kwenye redio.

"Nikipita bila bunduki?" aliuliza hatimaye. "Lori tupu. Mimi peke yangu."

Wanawake walianza kusemezana kwa Kiborana na Kisomali. Mmoja alikataa kabisa, akapiga mtungi wake kofi. Mulki aliwaacha waseme, kisha akainuka, akijishika kiuno.

"Nakaa mbele na wewe," akasema. "Tunamchukua Dadacha kwanza. Halafu hao wako."

Ekiru alirudi kumweleza Kirigia, naye akamsikiliza mkono ukiwa juu ya bastola.

"Unataka nikupe lori la serikali uende nalo na muuza maziwa? Na likichomwa?"

"Litachomwa na mimi ndani, afande."

Redio ikakwaruza. Safari hii Mawira hakusema neno. Walisikia mtu akikohoa, akikohoa tena, halafu kimya.

Kirigia alitazama wanawake, akatazama moshi uliokuwa ukipanda upande wa Burat. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Shukeni wote!" akaita. Askari mmoja akaanza kubisha kwamba huko ni kumpeleka mtu machinjioni. "Nimesema shukeni!" Kisha akamwinamia Ekiru na kumnong'oneza, "Koplo, mimi sijakutuma. Umesikia? Umechukua gari mwenyewe. Mimi sijakutuma."

"Nimesikia, afande."

Wanawake walisogea pembeni, kiasi cha lori kupita tu, kisha wakaziba njia tena nyuma yake. Mulki alikuwa akivuta tasbihi. Ekiru alihesabu gia kichwani kama dereva anayejifunza, maana mawazo mengine yote yalikuwa yakimrudisha kwenye neno mgongo.

Kituo cha Burat kilikuwa kibanda cha mawe na mabati pembeni ya mashamba. Vijana kama mia mbili walikuwa wamekizunguka. Walipoona rangi ya lori walipiga kelele, na jiwe la kwanza likavunja kioo cha mbele. Vipande vilimwangukia Mulki mapajani. Aliteremsha dirisha, akatoa kichwa na kifua nje.

"Ni mimi!" alipiga kelele kwa Kiborana. Ekiru alikijua Kiborana tangu utotoni. "Nipigeni na mimi! Nimekuja kumchukua mtoto wetu, na nyinyi mnanipiga!"

Mawe yakakoma. Kijana mmoja mrefu, Adan, mdogo wake Dadacha, akasogea mlangoni mwa lori macho mekundu kwa moshi na kulia.

"Mama, hao hawatoki hapa."

"Wakiungua humo, ndugu yako atazikwa na nani? Kesho mji utajaa askari wasiojua hata jina lako. Mbebe ndugu yako, Adan. Mbebe."

Walimbeba juu ya shuka, watu sita, wakamlaza nyuma ya lori. Adan akapanda, akaketi kichwani pake. Ndipo Ekiru akaenda mlangoni, akaita jina la Mawira.

Walitoka wanne, nyuso nyeusi kwa masizi. Mulki aliwaamuru watoe magazini za risasi kwenye bunduki, na wakazitoa, akaziweka chini ya miguu yake. Jiwe likaruka kutoka nyuma ya umati, likampasua Mawira juu ya jicho. Ekiru akajitia kati yake na umati, akamsukuma hadi nyuma ya lori. Na hivyo ndivyo walivyorudi mjini: askari wanne wakiwa wamejikunja upande mmoja, maiti katikati, na Adan upande wa pili akiwatazama mmoja mmoja bila kupepesa.

Uani mwa hospitali, Mawira alipokuwa akisubiri kushonwa, alimshika Ekiru mkono.

"Alikuwa ameshageuka," alisema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anakimbilia geti. Niliogopa, nikafyatua tu. Ekiru, utasema ulisikia kwenye redio risasi za wale vijana zikianza."

"Sikusikia."

"Najua hukusikia. Sema tu. Kule ndani nilikuwa nakuita wewe, si Inspekta. Nilijua utakuja."

Ekiru alitoa kitambaa mfukoni, akamfuta damu iliyokuwa ikimwingia jichoni.

Baada ya wiki tatu wachunguzi walikuja kutoka Nairobi. Kirigia aliandika kwamba dereva alichukua lori bila amri, na Ekiru aliposomewa maneno hayo alikubali. Kisha wakamuuliza kuhusu Dadacha. Aliomba maji, akanywa, akawaambia alichosikia uani mwa hospitali, neno kwa neno. Kisha akatia sahihi.

Mawira alikamatwa wiki iliyofuata. Kwenye nyumba za polisi salamu zilikauka. Ekiru akiingia kantini, meza zilinyamaza. Akapewa barua ya onyo kwa kukaidi amri, na ya pili ya uhamisho. Upande wa mjini nako hakuna aliyempigia makofi. Watu walikuwa bado wakiomboleza.

Siku alipokuwa akifunga virago, Janice alisimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Nieleze kitu kimoja," akasema. "Kama ungekuja kummaliza hivi, kwa nini ulienda kumtoa?"

"Ningemwacha aungue?"

"Sijui. Nakuuliza wewe."

Ekiru alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Yule kijana alipigwa mgongoni, Janice. Mama yake mzazi ameniuliza, na nimemwambia. Nawe ukiniuliza nitakwambia hivyo hivyo."

Alidhani angemtukana. Janice alikaza kanga iliyombeba mtoto.

"Kesi ni Jumanne, Meru," akasema. "Utakuja?"

"Nimeitwa kutoa ushahidi."

"Sijakuuliza kama umeitwa."

"Nitakuja."

Alienda. Alizungumza karibu saa nzima, na muda wote huo Mawira hakuinua macho kutoka sakafuni. Jaji alipoahirisha kesi, askari wenzake walitoka bila kumpa mkono. Mulki na Adan nao walipita mlango wa upande wa pili. Janice peke yake ndiye aliyemngoja nje, akamwambia mtoto, "Nenda kwa baba mkubwa," akamkabidhi Ekiru ambebe hadi stendi.