Mashine Isiyozimwa

Kwenye kituo cha maji machafu cha hospitali, hakuna mtu aliyewahi kumkabidhi mwenzake mashine iliyozimwa. Hilo lilikuwa jambo la heshima, na wafanyakazi walilishika kuliko sheria yoyote iliyobandikwa ukutani. Adhana ya alasiri ikisikika, zamu hubadilika. Anayeondoka humwambia anayeingia, "Nakuachia mashine, iko muzima." Anayeingia huweka kiganja juu ya bati lake, asikie joto na mtetemo, kisha hujibu, "Nimepokea." Ndipo wa kwanza hunawa mikono akaenda zake kula.

Ramla, injinia kijana aliyepewa ukuu wa kituo hicho cha Kabondo, alipoyaona hayo mara ya kwanza aliyapenda. Alidhani ni adabu tu. Kumbe adabu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinywa mazutu, dizeli yote ya hospitali.

Maana mashine ile ilikuwa jenereta, isiyo na kazi nyingine ila kuendesha pampu ya kupuliza hewa ndani ya bwawa la maji machafu, ili vijidudu vinavyokula uchafu vipate kupumua. Umeme wa mji ulikuja ulipotaka, basi jenereta ikanguruma usiku na mchana. Hatimaye msimamizi wa hospitali, Bwana Félicien, alimwita Ramla ofisini akamwambia bila kuzunguka: mafuta yapungue nusu kabla ya Pasaka, la sivyo kituo kinafungwa, na maji yanaachiwa yaende kijitoni yalivyo. Hakuwa mtu mbaya, Félicien. Dawa za watoto na mazutu vilitoka mfuko mmoja, naye alikuwa amechoka kuchagua.

Ramla alitoka pale akasimama kutazama bondeni. Kijito hicho kilipita nyuma ya nyumba ya mama yake, Zaina, kule bondeni ambako nusu ya mtaa ilifulia nguo na watoto walioga kwa makelele. Aliyawazia maji ya wodi yakipita hapo, akafungua daftari lake.

Alikaa na hesabu zake mpaka akaridhika. Bwawa halikuhitaji hewa kila dakika. Mchana, wodi zikishadekiwa na kutulia, vijidudu vingeweza kukaa muda mrefu bila kupuliziwa, na usiku vilevile, maji yakatoka safi kama kawaida. Aliwakusanya wafanyakazi akawachorea ubaoni. Papa Bavon, mkuu wa zamu ya asubuhi, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliuliza maswali mazuri. Sadrack, wa zamu ya jioni, akatikisa kichwa kwa kukubali. Wote wakasema oui, ndiyo, mama ingénieur, wazo ni zuri sana. Kesho yake mashine ikanguruma kutwa. Kesho kutwa pia.

Alikasirika, na hasira ikamtia ujinga. Alijiambia kwamba wanamdharau kwa kuwa ni mwanamke tena mdogo. Kisha akawaza baya zaidi, kwamba wanauza mazutu kwa mlango wa nyuma na hawataki mtu ayachunguze. Akayapima mapipa mwenyewe, mbele ya macho yao. Hakikukosekana hata kikombe. Papa Bavon alimtazama huku akipangusa mikono, kisha akayafunika mapipa moja moja, na upole huo ulimchoma Ramla kuliko matusi.

Siku hiyo, getini mwa kituo, alipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, aende kwa mama yake. Mwenye baiskeli alikuwa mwanaume wa makamo aitwaye Ruphin. Huyo alimuuliza Ramla kama ile jenereta bado inatoa moshi mweusi ikiwashwa. Ramla akashangaa, akataka kujua ameyajuaje hayo. Ruphin alijibu huku akikanyaga pedali.

"Nilitumikaka pale, mama. Mukubwa wa wakati ule aliniambia nizime, tubakishe mazutu. Bon, nikazima. Kuwasha, ikakataa. Na ni ile siku wageni wa serikali walikuja. Wakauliza, nani alizima? Ule mukubwa alikuwa pembeni yangu, alinyamazaka tu. Donc basi mashine ilikufa mu mikono yangu. Wakanifukuza."

Aliyasema bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka jana. Tangu hapo, akaongeza, hakuna anayekubali kupokea mashine iliyozimwa, maana ikikataa kuwaka, itakuwa imemfia yeye.

Ramla akaomba ashuke, akatembea njia iliyobaki. Aliona aibu. Watu wake hawakuwa wezi wala wakaidi. Walikuwa wakingoja, miaka yote hiyo, mkubwa mmoja atakayefungua mdomo.

Asubuhi aliwaomba radhi kwa habari ya mapipa. Kisha akawaambia kwamba amri ya kuzima ni yake, na siku mashine ikikataa kuwaka, imekufa mikononi mwake, hata kama aliyeigusa ni mwingine. Papa Bavon alikuna kidevu.

"Maneno iko mwepesi, mama," alisema kwa upole. "Tutaona."

Basi Ramla akaizima mwenyewe. Kimya kilikuwa kigeni hivi kwamba majirani walikuja getini kuuliza nani amefariki. Muda ulipotimia akawasha. Jenereta ikakohoa, ikatema moshi, ikashika. Kuanzia hapo akawa mtumwa wa swichi. Aliizima adhuhuri na kuiwasha kabla ya adhana ya alasiri, na usiku akarudi tena kwa kazi hiyohiyo, hata Jumapili. Harusi ya binamu yake aliihudhuria nusu. Mazutu yakapungua kweli, maji yakabaki safi, na Félicien akaanza kumsalimu kwa tabasamu. Lakini hakuna mkono mwingine uliogusa swichi, na zamu ziliendelea kupokeana mashine ikiwa ya moto. Ramla alijua kwamba kazi inayotegemea mkono mmoja itakwama siku mwenye mkono akiugua.

Akaugua. Malaria ilimlaza kwa mama yake, na Sadrack, kwa kumwonea huruma tu, akafika mapema akaizima kwa niaba yake. Saa ya kuwasha ilipofika, ikakataa. Na siku hiyo hiyo Félicien alikuwa akiwatembeza wageni wa wizara waliotoka Kinshasa.

Ruphin ndiye aliyekuja mbio na habari. Mama Zaina alimkataza bintiye kutoka. Ramla akajifunga kitenge, akakaa nyuma ya baiskeli akitetemeka, wakaenda. Alipoingia, Félicien alikuwa akiuliza kwa mara ya pili, mbele ya wageni, nani aliyezima. Sadrack alikuwa akitazama viatu vyake. Ruphin alibaki getini, mikono kwenye usukani, akisikiliza.

Hapo Ramla aliogopa. Kazi hii ndiyo iliyowalisha yeye na mama yake, na kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Nani angemlaumu mgonjwa?

"Ni mimi," alisema. "Mashine ilikufa mu mikono yangu."

"Mais lakini ulikuwa mugonjwa kwenu," alisema Félicien. "Haukuwa hapa."

"Amri yangu ilikuwa hapa."

Mbele ya wageni, Félicien hakuwa na pa kurudi. Akamsimamisha kazi palepale, mpaka kamati ya hospitali itakapokaa. Ramla aliitikia, akageuka, na dunia ikazunguka. Papa Bavon ndiye aliyemdaka mkono asianguke, akamsindikiza hadi kwenye baiskeli.

Kosa lilikuwa waya wa betri uliolegea. Papa Bavon aliukaza, na jenereta ikawaka.

Homa ilipokwisha, Ramla alikaa uani kwa mama yake bila la kufanya. Mngurumo wa jenereta ulifika mpaka kijitoni, nao ulisikika asubuhi nzima. Alijua mambo yatakavyokwenda. Mashine haitazimwa tena kamwe, mazutu yatakwisha, Pasaka itafika. Alimsaidia mama yake kukamua mashuka huku akiyatazama maji.

Adhuhuri mngurumo ukakatika.

Ramla aliinua kichwa. Imekufa, alifikiri, na safari hii watamfukuza nani? Alisimama na ncha ya shuka mkononi. Kimya kikaendelea. Mama yake akamuuliza ana nini, akamwonyesha kwa kidole kule juu. Adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikitini, ikaisha, na bado kimya. Saa ya zamu ilikuwa imefika, ikapita. Kisha kule juu kitu kikakohoa, kikakohoa tena, kikashika, na mngurumo ukarudi.

Ramla alielewa taratibu. Papa Bavon ameondoka akiiacha imezimwa. Sadrack ameweka kiganja juu ya bati la baridi, na amejibu neno lile la kupokea.

"Mama," alisema, akilia bila kujificha, "wamepokea."

Mama Zaina hakuelewa kitu. Akamwambia ashike vizuri upande wake wa shuka, maji bado yanachuruzika.