Msemaji wa Bumbire

Privatus alikufa kwa surua ndani ya mtumbwi, katikati ya kisiwa cha Bumbire na nchi kavu, amelala mapajani mwa mama yake, Joviana. Baba yake, Mwijage, aliendelea kupiga kasia kwa muda mrefu, kwa sababu Joviana hakumwambia. Alimfunika mtoto uso kwa kanga, akawa anayatazama maji. Baadaye akasema neno moja tu: "Geuza." Mwijage akageuza mtumbwi.

Mwaka ule watoto wengi walizikwa Bumbire. Nyumba zilikuwa zimekusanywa pamoja karibu na mwalo wa mitumbwi, kama ilivyoamriwa vijiji vipya vijengwe, na surua ilipoingia nyumba moja haikuchelewa kuingia ya jirani. Kisiwani hapakuwa na zahanati wala muuguzi. Aliyeugua alipakiwa mtumbwini kwenda upande wa Muleba, kama ziwa lilikubali.

Msiba ulipotulia, Felicitas akaja. Alikuwa mwalimu wa shule huko Kanazi kabla ya kufanywa katibu wa Kamati ya Ustawi wa Watoto ya mkoa. Alitapika njia nzima, akashuka mwaloni viatu mkononi, akapita nyumba kwa nyumba zilizofiwa. Kwa Joviana alikaa chini kwenye nyasi, akasikiliza mpaka mwisho. Alilia, na machozi yake hayakuwa ya kujilazimisha.

"Mimi nikisema Bukoba kwamba watoto wa Bumbire wanakufa, wananijibu kwamba hata mjini watoto wanakufa," alisema. "Wewe ndiye wa kusema, waitu, ndugu yangu. Nani atamkatiza mama aliyefiwa?"

"Kiswahili changu ni cha kuuzia samaki."

"Hicho hicho kinatosha."

Joviana akaenda. Land Rover ya kamati ilikuwa gari la kwanza kupanda maishani mwake. Katika ukumbi wa Bukoba alisimama mbele ya wakubwa waliovaa suti za Kaunda, akasimulia yalivyokuwa, akichanganya Kihaya pale Kiswahili kilipomwishia. Alisema jinsi alivyomficha mumewe kifo cha mtoto, kwa kuwa aliogopa kwamba akimwambia ataacha kasia, na wote watatu watabaki pale majini. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam alivua miwani akajifuta macho, kisha akasimama kusema kwamba Bumbire itapata zahanati. Watu wakapiga makofi mpaka Joviana akashtuka.

Aliporudi na habari hiyo, kisiwa kizima kilimpokea mwaloni. Wanaume waliponda mawe ya msingi, wanawake wakabeba mchanga vichwani. Hiyo ilikuwa nguvu ya wananchi, kama walivyoambiwa. Mabati, saruji na muuguzi vingetoka serikalini.

Havikutoka. Ila Land Rover ilikuja tena kumngoja Joviana upande wa pili wa maji.

"Yule wa kwanza hakuwa na uwezo wa kutoa mabati," Felicitas alimweleza njiani. "Huyu wa leo ndiye."

Baada ya huyo alikuja mwingine, na mwingine, wengine Wazungu. Kila safari Felicitas alimrekebisha kidogo. "Anza kwa kukishukuru Chama. Na lile la kumficha mumeo liache, wageni hawalielewi. Sema mlipiga kelele kuomba msaada."

"Tungemwita nani? Palikuwa na maji tu."

"Najua, dada yangu. Lakini sema hivyo."

Akasema hivyo. Maneno yakazoea kinywa chake. Siku moja, akiwa mbele ya watu, aligundua kwamba anatua mahali fulani katika habari ya mwanawe, anangoja kwanza wanawake wa mstari wa mbele watoe leso. Jioni ile hakula chakula alichoandaliwa.

Mwijage hakuwa mtu wa ugomvi. Alimwambia tu, akiwa anafuma wavu, "Mtoto wangu tulimzika mara moja. Wewe unamzika kila mwezi."

"Nafanya hivi kwa ajili ya wa wengine."

"Na huyu?" Alimwonyesha kwa kidevu binti yao Immakulata, aliyekuwa anatambaa akifuata kuku.

Surua ilirudi mwaka uliofuata. Ilimkuta Joviana Bukoba, ambako ndege ya mgeni ilichelewa na Felicitas akamwomba asubiri, kisha akamwomba tena. Huku nyuma Immakulata aliugua, na ziwa lilichafuka. Mwijage aliingiza mtumbwi majini, mawimbi yakamrudisha. Mama yake mzee, asijue la kufanya, alimkamulia mtoto majani machoni kama alivyokamuliwa yeye utotoni. Joviana alipofika, Immakulata alikuwa hai. Kope zake zilikuwa zimeganda, na zilipofunguka, macho yalikuwa meupe kama tui.

Hospitalini, ng'ambo, daktari aliyawashia tochi, akaizima.

"Mngemleta mapema," alisema.

Joviana hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alimwacha mtoto na baba yake, akaenda Bukoba kwa miguu na kwa lori la kahawa, mpaka ofisini kwa Felicitas. Alimweleza akiwa amesimama. Felicitas alijishika mdomo, akalia tena, na Joviana akayatazama machozi yale kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la mwingine.

"Zahanati iko wapi?" akauliza.

Felicitas alifuta macho. "Imepitishwa. Itajengwa Kaagya."

"Kaagya? Kaagya kuna maji gani ya kuvuka?"

"Kuna barabara, Joviana. Saruji inafika kavu. Muuguzi atakubali kukaa. Watoto wa huko ni wengi kuliko wenu. Nilipigana, Mungu anajua. Waliniambia nichague hiyo au nikose yote."

"Mimi nilisema Bumbire. Kila mara nilisema Bumbire."

"Ulisema watoto wanakufa. Walichosikia ni watoto."

Kisha Felicitas akavuta kiti karibu, akasema kwa sauti ya chini, kwa kuwa lilimwia vigumu hata yeye: "Siku ya ufunguzi atakuja mkubwa kuliko wote waliotangulia. Ukimleta Immakulata, ukasimama naye pale, akamwona kwa macho yake, hawataweza kuwanyima Bumbire tena."

"Unataka nimwonyeshe mwanangu."

"Nataka asipofuke mwingine."

"Anaogopa kelele siku hizi," Joviana alisema. "Wakipiga makofi, hatajua ni nini kinachompata." Akatoka.

Kaagya ilifunguliwa bila yeye. Ilikuwa zahanati nzuri, na watoto wa huko walichanjwa. Hilo hakuna anayeweza kulikana. Felicitas alipandishwa cheo akahamia Dar es Salaam, na waliosema kwamba alistahili hawakukosea.

Bumbire walilipokea jambo hilo kwa namna yao. Wanawake waliobeba mchanga waliacha kumsalimu Joviana. Ilisemwa mwaloni kwamba zahanati ya kisiwa aliipeleka Kaagya mwenyewe kwa kupenda magari. Mwijage alipigana na mtu mmoja kwa sababu ya maneno hayo, na wa pili, kwa wa tatu akachoka. Wakahama. Ndugu yake mmoja, Clavery, aliwapa sehemu ya kibanja chake cha migomba upande wa Muleba, na huko Immakulata akajifunza kutembea kwa kugusa shina la mgomba mmoja hadi jingine.

Majirani wapya hawakujua lolote. Katika mkutano wa kijiji mwenyekiti aliwaomba akina mama wenye la kusema wanyooshe mikono. Mwanamke aliyekaa karibu na Joviana alimtazama mtoto, akamgusa mama yake kiwiko. "Sema wewe, waitu. Una sababu."

"Mimi sijui kusema mbele za watu," Joviana akajibu.

Immakulata, aliyekuwa katikati ya magoti yake, aligeuza shingo kuifuata sauti ya mbele, akamwuliza mama yake.

"Maawe, nani anaongea?"

"Mwenyekiti."

"Anasema nini?"

"Anasema zahanati inakuja."