Sindano ya Kaka

"Hafifu sana," daktari alirudia, na wanakamati wenzake wakaguna. Walikuwa wakiandika mwongozo wa kutibu waliopooza kwa kiharusi, na kati ya madaraja ya ushahidi hilo ndilo la mkiani.

"Utafiti wa sindano hii ni mmoja tu," alisema. "Wagonjwa kiduchu, nao walijua fika nani anachomwa dawa na nani hachomwi. Mtu akijua amepata dawa, hata akikohoa ataita nafuu. Tunaandika nini hapo?"

Mwenyekiti akauliza kama wagonjwa wenyewe wanaitaka. Loo! Hakuna aliyewahi kuwauliza. Kwenye fomu, kisanduku cha maoni ya wagonjwa kikaachwa wazi, kura zikapigwa, sindano ikakataliwa, watu wakaenda kunywa chai.

Daktari aliiacha yake ipoe. Kaka yake alikuwa amepooza upande mmoja, na wifi yake alikuwa akimchoma sindano hiyo hiyo kila asubuhi tangu mwaka jana, kwa mkono wake. Daktari alijua, akanyamaza. Mfa maji haachi kutapatapa, alijiambia. Nani ampokonye mwanamke huyo tumaini lake? Lakini leo kanyanyua mkono kuikataa kwa nchi nzima. Aibu ilimshika.

Jioni alimkuta wifi akikunja nguo, kaka ameketi dirishani. Akawaambia bila kupindisha maneno: dawa ile haina uthibitisho, waiache. Kisha akajikaza kungoja kilio.

Kaka akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Afadhali," alisema kwa ulimi mzito. "Inauma hiyo, acha tu."

"We!" Shuka lilimponyoka wifi. "Mwaka mzima umekaa kimya?"

"Ulikuwa unachoma kwa moyo wako wote, mke wangu. Ningekuvunjaje?"

"Moyo gani? Nilikuwa natetemeka mie! Nikishaichomeka tu, naenda jikoni kulia."

Wakatazamana, mume na mke, kama watu waliokutana njiani.

"Sasa wifi," daktari aliuliza, "kama ulikuwa unateseka hivyo, kwa nini hukuacha?"

Wifi aliokota shuka, akalikung'uta.

"Nilikuogopa wewe," alisema. "Ningeacha, ungesema nimemtupa kaka yako."

Daktari alitaka kukana, lakini alijijua. Angesema, tena mbele ya ukoo mzima.