Nyayo Kumi na Sita

"Sikukatazi kuwa na nyayo mlangoni kwako," Ernesta alisema, jembe begani. "Nakataza zisipite kwenye maharage yangu! Tazama, mistari miwili imelala chali."

"Nizifunge kamba?" Yuster alijibu huku akifagia. "Zinatoka dukani kwa Celestini. Kamgombeze Celestini."

"Kwa Celestini zinatoka tu, mwenzangu. Zinakuja kwa nani?"

Yuster aliendelea kufagia, maana jibu la swali hilo lilikuwa ndani, limelala, linakoroma.

Nyayo zilikuwa kumi na sita. Zilianza wiki ile Celestini mwenye duka alipovamiwa jioni ya mvua na mtu aliyejifunika gunia, akakatwa panga la mkono, akanyang'anywa redio na mizani. Tangu hapo, kila asubuhi kabla umande haujakauka, zilitoka mlango wa nyuma wa duka, mmoja baada ya mwingine, bila mguu juu yake, zikakata shamba la Ernesta na kukoma kwenye kizingiti cha Idefonsi, mume wa Yuster, vidole vikielekea ndani. Jumapili zilichelewa kidogo, kwa sababu ya misa. Kijiji kilishazizoea. Kuku walizipisha.

Aliyekamatwa alikuwa Hakizimana, mkimbizi wa kambi ya Lukole, aliyekuwa akimpalilia Ernesta maharage kwa sahani ya chakula na soga za kutosha. Soli ya nyayo zile ilikuwa na vijinyota, na vijinyota vilikuwa vya kandambili za bluu zilizogawiwa kambini. Mtaalamu wa nyayo alikuja na gari kutoka mjini, akamwaga plasta kwenye unyayo mmoja nyuma ya duka, ukaganda, akaondoka nao ndani ya boksi la sabuni. Kuanzia kesho yake zikawa zinafika kumi na tano, zikichechemea.

Ila kandambili hizo zilivaliwa na kijiji kizima. Wakimbizi waliziuza gulioni pamoja na mafuta na unga wa njano, na Ernesta mwenyewe alikuwa na pea mbili, moja ya shambani, moja ya kanisani. Lakini kununua vitu vya msaada kulikuwa kosa. Mwezi uliotangulia watu wawili walikuwa wamelala mahabusu kwa ajili ya turubai moja.

Siku ya kesi watu arobaini walipanda lori la mkaa kwenda mahakamani, na wote, bila kuambiana, walikuwa peku.

"Vipi, leo mmepeana talaka na viatu?" dereva aliuliza. Hakuna aliyecheka, na si kwamba walikuwa watu wasiopenda kucheka.

Mtaalamu alikuwa na cheti na rula. Alisema vijinyota ni vya kambini, saizi ni tisa, na mshitakiwa anavaa tisa. Hakimu akauliza kama wenyeji nao hawavai kandambili za namna hiyo. Mtaalamu akageukia mabenchi.

"Mheshimiwa, jionee mwenyewe."

Hakimu akajionea: miguu themanini, vumbi tupu.

"Mshitakiwa, una shahidi?"

"Yule mama," Hakizimana alisema, akimwonyesha Ernesta. "Amwambie mheshimiwa nani anavaa hizi kandambili. Anajua."

Ernesta alisimama. Mtu wa maneno mengi, siku hiyo alitafuta machache.

"Namjua kwa kupalilia tu, mheshimiwa. Mambo ya viatu sijawahi kuangalia."

Akaketi. Hapo ndipo nyayo zilipoingia, zimechelewa, maana mwendo ni mrefu na zinachechemea. Zilipita mbele ya meza ya hakimu zikasimama benchi la tatu, mbele ya Idefonsi. Idefonsi alisogeza miguu kuzipa nafasi. Hakimu aliuliza kama hicho nacho ni kielelezo. Mwendesha mashtaka alisema hakina namba. Mtaalamu alisema alama isiyotulia haipimiki. Karani akaleta dekio.

Kifungo kilikuwa miaka thelathini.

Mke wa Hakizimana, Niragira, hakuwa amepata kibali cha kutoka kambini, hivyo ilibidi mtu ampelekee habari, na Ernesta alisema ataenda yeye. Lori lilimshusha njia panda. Nyayo zilimkuta hapo, zikashika njia ya kijijini. Yeye akashika ya Lukole.

Niragira alikuwa akichambua maharage mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alisikiliza mpaka mwisho. "Thelathini," alirudia, kama mtu anayejifunza neno la kigeni. Kisha akaiona miguu ya mgeni, imepasuka, mwiba ungali kisiginoni.

"Mama, umetembea peku? Mpaka huku, kwa ajili yetu?"

Ernesta aliuvuta mguu chini ya kanga. Niragira alimletea maji, akapiga magoti, akauchomoa ule mwiba kwa kucha, taratibu, kisha akasogeza pazia la mlango.

"Wengine hata kufika hawakufika. Pita ndani, mama. Ni maharage tu, lakini pita ule."