Nyeupe ya Bodi Ndefu

Nilijua tangu mwanzo kwamba ya kununua ni ile nyeupe. Naanza na hilo, asije mtu akanitetea.

Mdogo wangu Parfait na mkewe Benita walikuwa wanarudi Lubumbashi kabisa. Saluni yao ya Diepsloot, hapa Afrika Kusini, ilikuwa imechomwa moto kwenye fujo za kuwafukuza wageni, na Benita aliapa kwamba hatafungua mlango mwingine katika nchi hii. Kwa kile walichookoa walinunua trela la mzee mmoja mstaafu, nyumba nzima ya magurudumu yenye vyumba viwili. Chumba cha mbele Benita angesukia watu nywele, cha nyuma wangelala mpaka wapate kiwanja. Trela la aina hiyo halifungwi kwenye ndoano kama matrela mengine. Lina shingo inayopanda juu ya bodi ya pikapu, na uzito wote wa mbele hukaa pale. Ilibaki kuchagua pikapu ya kulivuta, bakkie kama wanavyoita huku, na Parfait akaja kwangu.

Alikuja kwa sababu mimi ni mkubwa wake, na kwa sababu zamani niliendesha malori ya madini huko Kolwezi. Hapa Johannesburg mimi ni mlinzi wa lango, kwenye jengo moja la Turffontein. Kwa miaka kumi na minne hakuna mtu aliyeniuliza kitu zaidi ya nambari ya nyumba anayoitafuta. Sasa nikaulizwa jambo la maana, na likanipanda kichwani kama pombe kwa mtu aliyeshinda njaa.

Kwenye yadi ya magari yaliyotumika kulikuwa na mbili tu za kufikiriwa. Nyeupe ilikuwa kuukuu, ina viti vya mbele peke yake na mlango mmoja umebonyea, lakini bodi yake ni ndefu na springi zake nene. Shingo ya trela ingekaa sawasawa juu ya ekseli. Nyeusi ilikuwa na viti vya nyuma, vioo vya giza na vyuma vinavyong'aa, na hivyo viti ndivyo vilivyokula bodi yake. Ukiitwika shingo nzito, mzigo unaangukia nyuma ya ekseli, pua inanyanyuka, na usukani unabaki wa pambo. Yote hayo nilimweleza Parfait siku ya Alhamisi, tukiwa wawili tu. Akasema sawa, tuchukue nyeupe.

Jumamosi tulirudi na baba mkwe wake, papa Théodore, fundi cherehani mwenye suti tatu na maneno yasiyokwisha. Kwetu kitu kikubwa hakinunuliwi bila wakwe kushuhudia. Aliizunguka ile nyeupe mara moja, akasema hiyo ni ya kubebea saruji. Akauliza kama kweli binti yake atavuka mpaka wa Kasumbalesa mbele ya shangazi zake akiwa amebanwa humo kama gunia. Kisha akaipapasa nyeusi, akanigeukia mbele ya muuzaji na wazee wawili wa kanisa aliokuja nao.

"Mukubwa wa jamaa anasema nini?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Nyeusi."

Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka tu yule mzee anione kuwa mtu, si mfungua lango. Naye akaniona, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na nilifurahi, Mungu anisamehe. Parfait alinitazama akingoja nicheke. Nilipoendelea kuitazama nyeusi akamwambia muuzaji, "Yaya amesema," maana kwetu kaka mkubwa huitwa yaya, akaenda kutia sahihi.

Wakiwa ofisini nilifungua mlango wa dereva, nikasoma kibandiko cha uzito. Kilisema kile kile nilichokijua. Nikafunga mlango.

Nilikuwa na siku sita za kulirudisha neno langu. Kwetu mkubwa akishasema mbele ya wakwe harudi nyuma. Akirudi, watu husema jamaa ile haina kichwa. Nilijificha nyuma ya desturi hiyo, ingawa desturi haikunituma niseme uongo.

Asubuhi ya safari nilifika kwao Rosettenville walipokuwa wameshapakia. Nyuma ya ile nyeusi palikuwa pamechuchumaa, na taa za mbele zilitazama juu ya mapaa. Benita aliniuliza kwa sauti ya chini kama ndivyo inavyokuwa. Nikamwambia itazoea. Gari halizoei mzigo, nami nalijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Mchungaji aliipaka boneti mafuta, tukaimba, wakaondoka. Walipokata kona kwenye robot, zile taa za barabarani, trela lilichelewa kidogo kuwafuata, kisha likayumba. Nikawapungia mkono.

Parfait alinipigia simu walipokuwa wamepita Polokwane. Nilikuwa langoni.

"Yaya, usukani iko mwepesi sana. Nikigusa breki, trela inanisukuma. Na ku mbele kuko milima. Nirudie nyuma?"

Nilimfikiria papa Théodore akisimama tena kando ya ile nyeupe, mara hii akijua kwamba sikujua kitu. Nikamjibu mdogo wangu, "Endelea polepole. Itazoea."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Parfait alisikia. Kwenye mteremko wa milima ile trela liliizungusha pikapu na kuiburuta hadi bondeni. Benita alitolewa akiwa amevunjika mkono. Mdogo wangu alitolewa baadaye, akiwa amefunikwa.

Katika ukoo wetu maiti haizikwi kabla mkubwa wa marehemu hajasimama matangani kuwaeleza wakwe jinsi kifo kilivyokuja. Husimama peke yake, na hakai mpaka wakwe wamwambie akae. Wakimwambia, maana yake wameyapokea maneno yake.

Nilisimama jana, katika ukumbi wa kanisa. Nilieleza mteremko, nikaeleza ukungu, nikabuni na lori lililokuja kwa kasi. Papa Théodore alikuwa akitikisa kichwa taratibu, machozi yakimshuka. Bado kidogo angeniambia nikae.

"Yaya," Benita alisema kutoka kwenye godoro la wafiwa, mkono ukiwa kwenye plasta. "Sema na ile ya simu."

Hakupaza sauti. Basi nikasema. Nilisema ya simu, nikasema ya kibandiko, nikasema na ya Alhamisi, kwamba nilijua ni nyeupe kabla yeyote hajaniuliza. 

Ndipo Benita akawageukia wazee wa kwao. "Kisha kuongea ku simu, Parfait alisimamisha motokari kando. Nilimwambia turudi. Nililia. Akaniambia, 'Yaya amesema.'"

Papa Théodore alitazama viatu vyake. Wazee wakatazamana. Mama mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaupokea, wakaendelea na matanga yao. Chakula kikaletwa, kikaliwa, vyombo vikaondolewa, watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Nilikuwa bado nimesimama. Hakuna aliyeniambia nikae.