Alama Iliyohama

"Njoo umwone mzee," Gunvor aliniambia kwenye simu. "Anataka nimpeleke Jumatatu akarudishe leseni ya udereva. Anasema akili imemtoka."

Nilimkuta mumewe, Eskil, bandani, amekaa juu ya kreti, boneti ya gari lake la mwaka sitini na saba iko wazi. Huyu alikuwa fundi wa mabasi pale mjini Arvika kwa miaka thelathini na minane. Diploma nilipewa chuoni, lakini taimingi, kupanga cheche ya injini iwake kwa wakati wake, alinifundisha yeye.

"Umekuja kuzika, Rune?"

"Sina suti, mzee. Nimekuja kunywa kahawa yako."

Hakucheka. Akawasha gari, akanipa taa ya taimingi. Nikaimulika puli, gurudumu la mbele ya injini; alama yake ikasimama kwenye digrii kumi, kama kitabu kinavyotaka. Lakini injini ilikuwa inakohoa, na ekzosi inajamba moto.

"Umeona? Kumi ni kumi. Ila sikio langu linasema cheche inachelewa. Nikisogeza distribyuta cheche iwahi, mpaka sikio liridhike, gari linaimba, halafu taa inasema nimepotea. Siku ya tatu leo."

"Plagi? Kabureta?"

"Nimesafisha. Nimeandika, nisije nikasahau." Akanionyesha karatasi. "Nasahau majina, Rune. Nimesahau jiko likiwaka. Nikasema, angalau hii kazi ninayo. Nayo imekwenda."

Gunvor alikuwa mlangoni, anafuta kikombe kilichokauka zamani.

Nikazima injini. "Mama Gunvor, niazime sindano ya kufumia."

"Utafuma soksi saa hizi?"

"Nataka kumfumania muongo."

Nilitoa plagi ya silinda ya kwanza, nikatumbukiza sindano mpaka ikagusa pistoni, nikamwambia Eskil aishike. Nikazungusha injini kwa spana, taratibu. Sindano ikapanda, ikapanda, ikatulia. Nikarudisha nyuma kidogo, nikapandisha tena, tuwe na uhakika.

"Imefika juu," akasema.

"Sasa angalia alama."

Pistoni ikiwa juu kabisa, ilitakiwa iwe kwenye sifuri. Ilikuwa mbali nayo vidole viwili. Ile puli ina duara la nje lililogandishwa juu ya mpira; mpira umezeeka, duara limeteleza, likaondoka na alama yake.

"Sikio lako liko sawa, mzee. Iliyohama ni alama."

Nilidhani atanitukana kwa furaha, kama zamani. Aliichomoa sindano, akaifuta kwa shati.

"Basi hitilafu hii siyo yangu," akasema. "Ya jiko ni yangu. Ya majina ni yangu."

Nilikuwa na utani mdomoni. Nikafuta plagi badala yake.

"Kwa hiyo Jumatatu hatuendi?" Gunvor aliuliza kutoka mlangoni.

"Tunaenda."

Eskil akachukua tupa, akachonga alama mpya mahali pa kweli, itusogeze mpaka nimletee puli nyingine. Nikarudisha plagi, akawasha, akasogeza distribyuta huku amefumba macho. Kukohoa kukakoma. Nilipomulika, alama mpya ilikuwa kwenye kumi. Yeye wala hakuinama kuangalia.

Akafungua mlango wa dereva.

"Gunvor, kaa hapo. Klachi yake ngumu, usiionee huruma."

"Na wewe je?"

"Mimi nakaa pembeni," Eskil akasema, akizunguka gari polepole, kiganja kikipapasa boneti. "Nikisikia kitu, nitakwambia."