Mkono Uliokatiza Upepo

Kidonda cha mgongoni kilikuwa kimefikia inchi mbili na robo. Mshonaji alikipima kwa tepu bila kuigusisha ngozi, kama alivyozoea kuwapima wateja wenye haya, kisha akakiandika katika daftari lake la vipimo, ukurasa mmoja na sare za wanakwaya na suruali ya mwalimu mkuu. Juma lililotangulia kilikuwa inchi moja na robo tatu. Hakuwa na daftari jingine. Wala hakujua, katika miaka ishirini ya ushonaji, njia nyingine ya kulielewa jambo ila kulipima.

"Kimepungua?" mumewe aliuliza, uso wake ukiwa umeelekea ukutani.

Alivuta pumzi. "Kipo vilevile."

"Fundi, uongo haukukai. Ukitaka kudanganya unavuta pumzi kwanza, kama mtu anayetaka kupiga mbizi."

Mumewe alimwita Fundi tangu siku za uchumba, naye mke alimwita Mzee wa Juu, jina ambalo mume alipewa na wenzake kazini. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha kreni za minara, zile zinazosimama juu ya majengo yanayoinuka, akipanda ngazi alfajiri na kushuka jioni, chakula chake akikivuta kwa kamba. Huko juu hakuteleza hata siku moja. Aliteleza ngazi ya mwisho, karibu na ardhi, mahali ambapo mtoto angeruka huku akicheka, akaangukia mgongo kwenye ukingo wa zege. Miguu haikurudi tena.

Hayo yalikuwa ya mwaka juzi, na walikwisha kuyazoea kwa kadiri yanavyozoeleka. Jipya lilikuwa hili: mume alikuwa na siku tano sasa akikataa kukalishwa kitini. Mtaalamu wa viungo, aliyekuja kila Jumatatu, alimwita mkewe pembeni na kusema kwa sauti ya chini, "Lazima akae wima saa mbili kwa siku. Mgongo upumzike, kifua kifunguke. Hicho kidonda kikifika mfupani, mama, tutakuwa tunazungumza habari nyingine kabisa."

"Nikimlazimisha?"

"Unaweza kumbeba?"

Hakuweza. Mikono ya mumewe bado ilikuwa na nguvu, na alipokubali walisaidiana. Alipokataa aliulegeza mwili wote, ukawa mzito kama turubai lililoloa.

"Nikae nitazame nini?" alikuwa amemuuliza, na swali lile halikuwa la kejeli. Kiti kilienea mahali pamoja tu, kati ya kitanda na dirisha, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani, ulio umbali wa hatua moja na nusu, wenye bomba la maji machafu na doa la ukungu lenye umbo la buti. "Kitandani naona dari. Kitini naona bomba. Afadhali dari, halina majivuno."

Habari za miwani zililetwa na muuza vyombo vya umeme vilivyotumika, ambaye mtaa mzima ulimwita Chaji, kwa sababu kila alichouza alikisifu kuwa kinatunza chaji, hata kama ni pasi. Alikuja kupunguza urefu wa suruali, akatajataja mali mpya iliyoingia dukani. Kesho yake mshonaji alifunga kazi mapema akaenda kuitazama.

"Ni toleo la kwanza kabisa walilowauzia watu wa kawaida," Chaji alieleza, akifuta vumbi kwa kiganja. "Kabla ya hapo ilikuwa ya maabara na ya marubani. Huu ndio uhalisia pepe, mama. Unakaa kitini, unakwenda utakako."

"Unakaa kitini?"

"Lazima ukae. Unaona hiki kijicho cha kamera mezani? Kinakufuata ukiwa umekaa mbele yake. Ukilala, kinakupoteza."

Neno hilo ndilo lililomshika. Lazima ukae. Aliichukua ile miwani, nyeusi na nene kama tofali, akaigeuza kwa mazoea ya kazi: akavuta mikanda, akabonyeza sponji, akasugua mshono kwa ukucha.

"Uzi huu utaachia kabla ya mwaka kwisha."

"Mama, hununui suruali. Vaa!"

Alivaa. Mara ile sakafu ya duka ikaondoka. Alikuwa juu ya paa la jengo refu, na mji usio na jina ulikuwa umelala chini ya miguu yake kama kitambaa kilichotandazwa mezani kabla ya kukatwa. Alishika ukingo wa meza ya Chaji kwa mikono miwili. Palikuwa na bendera iliyonyooka kwa upepo ambao yeye hakuusikia mwilini. Kulikuwa na moshi. Kwenye jengo la mkabala ilisimama kreni, na hapo ndipo machozi yalipomjaa ndani ya vioo.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewaza hatari ya huko juu, na kamba ya chakula, na makoti ya baridi aliyoyaongezea bitana. Hakuwahi kuwaza mumewe alikuwa akiona nini. Aliolewa na mtu aliyekuwa na dunia nzima dirishani, akamlaza mbele ya bomba.

"Wengi hutapika," Chaji alisema alipoivua. "Wewe umelia tu. Kichwa chako kinaifaa."

Pamoja na kompyuta yake, ambayo bila hiyo miwani ingekuwa pambo la kabatini, bei ilikaribia kulingana na thamani ya ovaloki, mashine yake ya kumalizia kingo za nguo. Bila ovaloki hakuna sare. Bila sare hakuna kodi ya nyumba. Chaji alimpa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Baada ya hapo angemuuzia mwenye ukumbi wa michezo, aliyekwisha kuulizia mara mbili.

Ijumaa asubuhi wifi yake, dada wa mgonjwa, alikuja na supu, akamkuta akiisafisha ovaloki kwa brashi na mafuta. Alielewa papo hapo.

"Kwa hiyo, wifi yangu, unauza mashine umvalishe kaka yangu kopo usoni."

"Si kopo."

"Inaitwaje vile?"

"Uhalisia pepe."

"Pepe! Muuzaji mwenyewe amekwambia haina kiini, nawe bado unapanga foleni?"

"Wifi, usinichekeshe leo."

"Nani anacheka? Akiikataa?"

"Nitakuwa nimejaribu."

"Na akiipenda je? Akahamia humo? Utamlisha kwa kupitia wapi?" Aliweka supu chini. Kisha sauti yake ikabadilika. "Mimi siku tisa hizi naogopa kuja hapa. Nikifika kwenye kona natazama kwanza kama kuna watu wamekusanyika mlangoni."

Mshonaji naye alipokuwa akirudi kutoka sokoni alitazama vivyo hivyo.

Mnunuzi wa ovaloki angekuja saa tisa. Saa nane na nusu, wifi akiwa amekwisha kuondoka, alichukua tepu akaingia chumbani. Alitaka kujua kama mikanda ile ingetosha kichwa cha mumewe. Mumewe alikuwa amelala macho wazi, kifua kikikwaruza kila alipovuta hewa. Tepu ilipopita juu ya masikio hakushtuka.

"Unanipima jeneza?"

"Jeneza halipimwi kwa kichwa."

"Basi kofia ya kuzikiwa."

Alitaka kudanganya, akakumbuka pumzi yake, akaamua kusema yote: miwani, paa, ovaloki, saa tisa. Mumewe alisikiliza hadi mwisho.

"Picha," alisema.

"Ndiyo. Picha."

"Unataka nikae nitazame picha za juu. Mimi." Hakukasirika, na hilo lilimuumiza zaidi. "Uza unachotaka, Fundi. Nikishakwenda utahitaji kitu cha kuchezea."

Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda. Maneno ya kumsihi yalikwisha siku ya nne. Ya kumgombeza, siku ya sita. Alichobaki nacho ni kile alichokiona tu, akaanza kukieleza, si kwa kutumaini kitu, bali kama mtu anayeendelea kushona baada ya uzi kukatika.

"Kulikuwa na bendera. Haikuwa na upindo. Kwa upepo ule kitambaa cha kweli kingechanika chote, yaani walioichora hawajawahi kushika sindano."

"Ilielekea wapi?"

"Kushoto kwangu. Imenyooka kabisa. Na moshi pia. Mbele yangu kulikuwa na kreni kama zako, mkono wake umenielekea mimi."

"Mwendeshaji yumo?"

"Kibanda kitupu. Imetulia tu."

"Imetulia." Kichwa kiligeuka kutoka ukutani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Upepo unakwenda kushoto, kreni haina mtu, na mkono umekuelekea wewe?"

"Ndiyo."

"Haiwezekani."

"Nimeona kwa macho yangu."

"Basi walioitengeneza ni wajinga, tena wauaji! Ukishuka unaachia breki ya mzunguko. Kila siku. Hata kama unaharisha, kwanza unaachia breki, ndipo unakimbilia choo. Mkono unakuwa huru, unafuata upepo kama hiyo bendera yako. Ukiufunga ukatize upepo, upepo unauchukua mnara wote, unaulaza juu ya watu. Wewe tazama..." Alinyoosha mkono wa kulia, ukagonga ukuta. Akajaribu kuuzungusha, godoro likamzuia. Alitweta. "Hapa sioneshi kitu. Ninyanyue."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, hakuthubutu hata kufurahi. Alipitisha mikono chini ya makwapa yake, wakahesabu pamoja, moja, mbili, wakavuta.

Mumewe alikaa mbele ya bomba na doa la ukungu asivione. Mkono wa kulia aliunyoosha mbele. Wa kushoto aliukunja nyuma, ngumi imefumbwa. "Huu ndio mkono wa kreni. Ngumi ni mawe ya uzito. Wewe ni upepo. Sukuma."

Alisukuma kwa vidole. Mkono ukazunguka taratibu, ukatulia.

"Umeona? Haugombani nawe. Sasa nafunga breki. Sukuma tena. Sukuma, mama, upepo haubembelezi!"

Alisukuma. Mkono haukusogea, badala yake kiwiliwili chote kiliinama, kikaanza kuanguka, naye akakidaka kifuani pake, wakabaki hivyo, wote wawili wakihema.

"Ndiyo hivyo," mumewe alisema begani pake. "Ndivyo mnara unavyokufa."

Mlango ukabishwa. Mnunuzi wa ovaloki.

Alimweka vizuri kitini akatoka, na katika hatua zile chache za ukumbini alijaribu kulipima jambo lisilo na inchi. Mumewe angeivaa ile miwani, angeliona kosa mwenyewe mara moja, peke yake, ndani ya giza lile la sponji. Nani angekuwa upepo? Lakini huenda alikuwa akijidanganya. Huenda mtu aliyelala siku tisa alihitaji mji mzima, si vidole vya mkewe. Alifungua mlango.

"Siuzi," alisema, akaufunga.

Mumewe alikaa saa moja na dakika kumi. Kisha uso ukawa wa majivu, mkewe akamlaza. Saa kumi ilipita, na miwani ikaenda kwenye ukumbi wa michezo.

Jumamosi mume hakutaka kuinuka. Jumapili pia. Mkewe alijiona mpumbavu: alikuwa na ovaloki na mume anayekufa. Jumatatu alifunga kazi adhuhuri, akatembea mpaka penye jengo linalojengwa nyuma ya soko, akasimama kando ya uzio wa mabati kutazama kreni.

"Mama, unamsubiri nani?" mlinzi aliuliza.

"Hakuna. Natazama."

"Haya. Kutazama hakuna kiingilio."

Alimletea mumewe alichokiona, na kwa kuwa hakujua lolote, alikieleza vibaya. Alisema mpiga ishara alipunga kofia. "Kofia?" mumewe alifoka. "Ishara ni za mikono! Ninyanyue!" Alisema ndoano ilishuka kabla ya mkono kutulia. Alisema mzigo ulifungwa kwa kamba moja. Kila kosa lake lilikuwa na thamani ya saa nzima kitini, wakati mwingine saa moja na nusu.

Mwisho wa juma la tatu alipima. Inchi mbili na robo, vilevile. Hakikuwa kimepungua, hakikuwa kimeongezeka. Aliandika, akabaki ameshika kalamu, maana siku ile alikuwa amesimama penye uzio saa nzima na kila kitu alikielewa. Mpiga ishara alifanya sawa. Mzigo ulifungwa sawa. Breki iliachiwa. Bila kutaka, alikuwa amejifunza kazi ya mumewe, na hakuwa na kosa hata moja la kumpelekea.

"Leo vipi huko?" mumewe aliliuliza dari.

Alivuta pumzi. Aliisikia mwenyewe ikiingia, kubwa, ya mpiga mbizi.

"Leo walipofunga kazi... waliacha mzigo unaning'inia kwenye ndoano."

Kifua kilikwaruza mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Alingoja kuambiwa kwamba uongo haumkai.

"Mzigo gani?" mumewe aliuliza hatimaye.

"Nondo."

"Nondo." Bado hakumtazama. Lakini mikono ilitoka chini ya blanketi, mmoja, kisha wa pili, ikanyooshwa kuelekea upande aliposimama. "Hawa watu wamerogwa. Njoo uninyanyue nikuoneshe."